Umeongea na Kijana Mpaka Umechoka na Habadiliki? Mwongozo Kamili wa Kumtia Moyo Mpaka Asimame, kwa Tulioko Mtwara na Lindi

Matokeo ya form four yakishatoka tu mwezi wa kwanza naanza kuulizwa swali moja na watu tofauti, kuanzia Mikindani mpaka Nachingwea: nimeongea na huyu mtoto mpaka sauti imenikauka, mbona habadiliki? Wengine ni wazazi, wengi zaidi ni wajomba, maana huku kwetu mambo ya mtoto yakiharibika anaitwa mjomba. Ukimuuliza ulimfanyia nini, jibu linakua lilelile, nilimkalisha chini nikampa maneno.

Hapo ndo kazi inapofia. Kumtia moyo kijana sio kikao cha saa moja, ni kazi ya wiki kadhaa yenye hatua zake, na hatua ikirukwa inayofuata haishiki. Habari njema ni kwamba mtu yeyote mwenye utulivu anaiweza, hata kama hana hela na hata kama yeye mwenyewe aliishia la saba.

Kijana ninaemzungumzia hapa ni yule aliepata zero au four ya mwisho, alieacha shule, binti aliekatishwa na mimba, dogo aliekua na pikipiki ya watu ikachukuliwa, au yule alietoka Dar mikono mitupu na sasa anashinda gheto amejifunika shuka mpaka saa saba mchana.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mtu mmoja. Sio kamati ya ukoo. Chagueni mmoja atakaebeba hii kazi, wengine wakae pembeni. Kama ni wewe unaesoma, basi ni wewe.
- Saa moja kwa wiki, siku ileile, kwa wiki 12. Bora saa moja isiyokosekana kuliko siku nzima ya huruma af unapotea mwezi.
- Kazi ya kweli ya mikono. Shamba, banda la kuku, pikipiki inayosumbua, chochote ambacho kisipofanyika kuna mtu anaumia.
- Kidaftari. Cha kwako, sio cha kumuonesha. Utaona kazi yake hatua ya nne.
- Salio la meseji na hela kidogo ya chai, mihogo na nauli.
- Taarifa za uhakika za vyuo na mitihani, ulizozifuata mwenyewe, sio za kijiweni.

## Hatua ya 1: Zima masimango nyumbani kabla hujamgusa kijana

Watu wengi wanaruka hii, wanaenda moja kwa moja kwa kijana. Sasa fikiria, wewe unaongea nae vizuri Jumamosi saa moja, af Jumapili mpaka Ijumaa nyumba nzima inamwambia "korosho za msimu mzima zimeishia kwenye sare na michango yako", "angalia mwenzio wa jirani", "kula tu ndo unajua". Wema wako utaanzia wapi?

Nenda kwa mwenye sauti pale nyumbani, na nyumba nyingi huku mwenye sauti ni bibi mzaa mama, uongee nae peke yake, kijana asiwepo wala asijue. Shikamoo bibi, habari za hapa, zungumzeni mambo mengine kwanza, af omba kitu kimoja tu kidogo: kwa wiki 2 hizi matokeo yasitajwe wakati wa kula. Usimwombe amsifie mjukuu wake maana hana la kusifia bado na atajiona analazimishwa. Omba ukimya tu, ukimya unatosha.

Tahadhari hapa ni moja, usimwambie mzee kwamba yeye ndo kamharibu mtoto. Hata kama unaamini hivo. Baba au bibi anaesimanga mara nyingi ni mtu alieumia, aliweka tumaini lake lote pale na hajui pa kulipeleka. Mwambie "najua mmepambana" kabla ya kitu kingine.

Utajua imekubali siku kijana atakapokaa mkekani kula na wenzake badala ya kusubiri watu walale ndo aje kufunua kiporo.

## Hatua ya 2: Kaa nae bila ajenda

Wiki mbili za mwanzo huna unachomfundisha. Unatafuta njia ya kuwa karibu nae tu, na namna rahisi kuliko zote ni kutembea bega kwa bega, kwasababu kijana mwenye aibu akikaliwa uso kwa uso anajifunga. Mwambie akusindikize Feri kuchukua samaki, au mwende shamba kuangalia mikorosho iliyoanguka, au mkae nje mnabangua korosho za kula. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe.

Usiulize "sasa umepanga nini na maisha yako". Hilo swali hana jibu lake, angekua nalo asingekua hapo. Uliza vitu ambavyo anavijua: hii spika umeiungaje, yule kipa mpya mnamuonaje, kule Kariakoo ulikua unabeba mzigo wa nani. Siku ya kwanza atajibu "poa" na "kawaida" mpaka mnarudi nyumbani, na hiyo sio kufeli, usijaze ukimya na mawaidha.

Kwanini tunapoteza wiki mbili hivi? Kwasababu mtu mmoja anaebaki ndo kiini cha kazi yote. Kule kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na mwenzie Ruth Smith waliwafatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Wapo waliokulia kwenye shida kweli, umaskini, ugomvi nyumbani, wazazi walevi au wagonjwa. Katika hao waliokua kwenye hatari kubwa, karibu mmoja kwa kila watatu alitoka mtu mzima imara anaejitegemea, na jambo lililorudi kwenye maisha yao ni kwamba walikua na angalau mtu mzima mmoja aliewajali bila kukatika, awe bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Hajatajwa tajiri hapo.

Imefanikiwa pale ambapo yeye ndo anaanza kuongea. Hata kama anaanza kwa kulalamika.

## Hatua ya 3: Mpe kazi ambayo isipofanyika kuna hasara

Kijana aliekata tamaa anaamini hahitajiki. Huwezi kulitoa hilo kwa maneno, linatoka kwa yeye kuona kitu kimesimama kwa mikono yake. Ndomana kazi ya kubuni haifai, ile ya kumwambia afagie uwanja ambao umeshafagiwa, anajua kabisa kwamba unamzuga.

Fata kalenda ya huku. Mwezi wa kwanza na wa pili kuna palizi. Kuanzia wa tatu kuna kupogolea na kusafisha chini ya mikorosho. Mwezi wa sita mpaka wa nane ni kupulizia, na kuanzia wa kumi mbele ni kuokota, kuanika, kuchambua na kupeleka AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima. Lindi mna ufuta pia. Mjini kuna saidia fundi, kuna kuosha pikipiki, kuna kusimama dukani kwa shangazi saa za mchana ambazo yeye anataka kupumzika.

Kazi iwe ndogo, imalizike ndani ya siku moja au mbili. Ukimpa ekari nzima siku ya kwanza unampa sehemu nyingine ya kushindwa. Af mkubaliane malipo kabla, na umlipe jioni ileile, kidogo kidogo hivohivo lakini kilekile mlichokubaliana, maana mtu mzima akivunja ahadi ya elfu 3 basi na maneno yake mengine yote yanashuka bei.

Tahadhari mbili. Usisimame juu yake kumuangalia kila jembe linavyoshuka, mwoneshe mara moja af ondoka. Na habari ya salfa, ile dawa ya unga, na dawa za maji kwenye mikorosho, usimpe mtoto wa chini ya miaka 18, na hata mkubwa ajifunike pua, macho na mwili vizuri, kutia moyo kusigeuke kuumiza mapafu ya watu.

Dalili ya mafanikio ni kazi iliyoisha. Haijalishi kona moja imekaa vibaya, imeisha.

## Hatua ya 4: Sema ulichokiona, kwa jina lake

Hapa ndo penyewe, kwahiyo nitakaa kidogo.

Watu wengi wanajua kusifia kwa jumla: "we una akili sana", "we kichwa", "utafika mbali mwanangu". Yanasikika matamu lakini kijana alietoka kufeli akisikia ana akili anachofikiria ni karatasi ya matokeo, anajua moja kati yako na ile karatasi inadanganya. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo, wakamaliza, wengine wakaambiwa wana akili, wengine wakaambiwa wamejituma. Baadae wale walioambiwa wana akili walikua wanachagua mafumbo mepesi, na wakishapewa magumu wakashindwa, wanaporudi kwenye mepesi wanafanya vibaya kuliko mwanzo. Walioambiwa wamejituma waliendelea kupambana na wakafanya vizuri zaidi. Yani sifa ya akili ilimpa mtoto kitu cha kuogopa kukipoteza.

Kwahiyo badala ya kusifia mtu alivyo, taja alichofanya, taja kwa undani mpaka ajue kweli ulikua unaangalia.

Kuna bibi mmoja Nanguruwe nimemuona akifanya hivi na wala hakuna aliemfundisha. Amekaa na mjukuu wake kwenye turubai wanachambua korosho, dogo ana kama miaka 17, ameacha shule, anaongea kwa kuguna. Dogo anachukua korosho, anazitikisa kiganjani karibu na sikio asikie kama zinalia, kavu inalia, mbichi haina sauti, nzuri anaweka huku, yenye madoa na iliyosinyaa anaweka kule. Bibi anafanya ya kwake kimya. Baada ya muda akavuta rundo la dogo, akapitisha vidole taratibu, akachota kiganja kizima akamwaga tena, akasema: "Mjukuu wangu, nimetafuta mbovu humu sijaipata hata moja. Ya kwangu mimi lazima uipitie, macho yangu hayaoni tena madoa." Basi. Yule dogo hakujibu kitu, akasogeza turubai, akaanza kupitia rundo la bibi yake, na mgongo wake ulikua umenyooka.

Angalia alichofanya bibi. Hakusema una akili. Ametaja kazi, ameikagua kweli, na akamwachia jukumu juu yake. Hayo matatu ndo mfano wa kufata.

Sasa kidaftari chako kinaingia hapa. Kila mkikutana andika kitu kimoja tu ulichoona amefanya vizuri, kwa maneno ya kawaida: kafika saa moja kamili, kalirudisha jembe limeoshwa, kamsubiri mdogo wake, kakiri mwenyewe kwamba ndoo imepasuka. Usipoandika utasahau, na ukisahau utarudi kwenye "we kichwa". Af kimoja kati ya hivo mwambie. Kimoja, sio vitano, sifa zikiwa nyingi zinageuka kelele.

Wapi pa kumwambia? Kazini palepale, au mkiwa njiani. Usimsifie mbele ya wadogo zake huku unawasema wao, utamtengenezea maadui ndani ya nyumba. Na usiweke mkia nyuma ya sifa, ule wa "umelima vizuri, ungekua unasoma hivi ungefaulu". Huo mkia unakula sentensi nzima, na huku kwetu ndo ugonjwa wetu mkubwa kuliko wote.

Utajua imeingia pale anapoanza kukuonesha kazi kabla hujauliza. "Mjomba hebu njoo uone." Ukisikia hilo, acha unachofanya, nenda ukaone.

## Hatua ya 5: Meseji fupi isiyodai kitu

Katikati ya wiki mtumie meseji moja. Isiwe na swali, isiwe na deni, isiwe na hadithi ya Nabii wala ya bilionea. Mfano: "Nimepita shamba leo, pale ulipopogolea panapendeza. Jumamosi basi." Au: "Leo feri pweza wamejaa nikakukumbuka." Hajajibu? Sawa. Wiki ijayo tuma tena.

Mtu anaweza kuona hiki ni kitu kidogo mno. Kule San Francisco, daktari wa magonjwa ya akili Jerome Motto aliwachukua wagonjwa waliokua wamelazwa kwa huzuni nzito au hali ya kutaka kujiua, ambao baada ya kuruhusiwa walikataa kuendelea na matibabu, watu 843. Sehemu yao wakawa wanatumiwa barua fupi za kuwajulia hali kwa miaka 5, hazikudai chochote, wengine hawakutumiwa. Matokeo yakachapishwa 2001: waliotumiwa barua walijiua wachache kuliko wenzao, na tofauti ilionekana zaidi miaka 2 ya mwanzo. Barua tu. Kwahiyo meseji yako ya shilingi chache usiidharau.

Tahadhari: usiweke kwenye grupu la familia. Ya kwake ni yake.

## Hatua ya 6: Ukweli mgumu, sasa una haki ya kuusema

Kuna watu wakisikia wema wanafikiri ni kumchekea mtoto. Hapana. Kijana anaebembelezwa tu anajua umeshamtoa kwenye hesabu ya watu wanaoweza. Kumkosoa ni heshima, ila inakuja wiki ya tano au sita, sio ya kwanza, wakati ambapo ameshaona kwamba hupotei.

Sema kwa mpangilio huu. Kwanza kilichotokea, bila "siku zote" wala "kila mara": "Jumatano hukutokea kwa fundi na hukupiga simu." Pili madhara yake: "Fundi alikua na pikipiki tatu, kabakia peke yake." Tatu kwanini unamwambia: "Nakwambia kwasababu nakutegemea na najua hili unaliweza." Hiyo ya tatu watu wanaiona ni ya kupamba, sio ya kupamba. David Yeager na Geoffrey Cohen na wenzao walichapisha mwaka 2014 walichokiona kwa wanafunzi wa darasa la saba Marekani: walimu walisahihisha insha zao kwa ukali wa kawaida, ila wengine wakabandikiwa kikaratasi kinachosema nakupa maoni haya kwasababu matarajio yangu kwako ni makubwa na najua unaweza kuyafikia. Waliopata kile kikaratasi walikua wepesi zaidi kuirudia insha yao, na tofauti ilikua kubwa hasa kwa wanafunzi weusi, ambao ndo walikua na sababu ya kutowaamini walimu.

Af nyamaza. Usirudie mara ya pili kwa maneno mengine.

Imefaulu akirekebisha, au akikasirika lakini Jumamosi akatokea. Yote mawili ni ushindi.

## Hatua ya 7: Mlango mmoja, mwende wote

Wiki ya nane hivi ndo unaanza habari ya kesho. Umeshaona anapenda nini, kidaftari chako kinakuonesha. Milango ipo, na mingi watu hawaijui vizuri:

Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA, yani Baraza la Mitihani, unafanyika mapema mwanzoni mwa mwaka na ukichelewa unalipa zaidi, wengi wanakuja kushtuka wakati umeshapita. Huu mlango kwahiyo kama ndo anautaka usisubiri wiki ya nane, uwahi.

VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, ipo Mtwara na ipo Lindi. Halafu kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo watu wanavisahau kabisa: Mtawanya, Newala, Masasi, Chilala, Kilwa Masoko. Ushonaji, useremala, umeme, magari, kilimo, ulizia kila chuo kina nini mwaka huo.

Kwa alieshajifunza gereji au saiti bila cheti, VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi aliopata mtaani na kumpa cheti. Dogo alieshika spana miaka mitatu haanzi na sifuri.

Binti aliekatishwa na mimba anaruhusiwa kurudi shule, huo ni utaratibu wa serikali tangu Novemba 2021, na kama hataki kurudi kwenye sare kuna njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kuna wazazi mpaka leo wanaamini haiwezekani, mpaka inauma.

Na wenye kikundi, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Ofisi ya maendeleo ya jamii ndo pa kuanzia.

Sasa usimmwagie yote haya kwa siku moja. Chagueni mlango mmoja, af nendeni pamoja kimwili. Kijana aliefeli anaogopa mlinzi wa getini na anaogopa meza ya ofisi kuliko anavyoogopa kazi, ukimwambia "nenda kaulizie" hataenda na atakwambia alienda. Panda nae gari, fika nae, msalimie mlinzi, ila mkifika dirishani rudi nyuma hatua mbili aulize yeye. Kama hajui aseme nini mfanye mazoezi njiani: shikamoo, nimekuja kuulizia fomu za fani ya umeme, zinaanza lini na zinahitaji nini.

Usimpe mtu wa kati hela ya "kukutafutia nafasi". Fomu na malipo yafatwe chuoni penyewe.

Dalili nzuri kuliko zote ni akiuliza swali ambalo hamkufanyia mazoezi.

## Hatua ya 8: Akirudi nyuma

Atarudi, wengi wanarudi. Huku kwetu mara nyingi ni msimu wa korosho, hela zimeingia, kijana kalipwa kibarua chake akapotea wiki mbili na marafiki, simu haipokelewi. Hapo ndo watu wengi wazuri wanakata kamba, "nimemaliza kazi yangu, mtoto hafundishiki".

Usikate. Fanya hivi: endelea na meseji ya wiki, fupi kama kawaida, usitaje kupotea kwake. Siku akirudi usifanye sherehe wala kesi, mwambie "Jumamosi kuna kazi, saa moja", basi. Ila kazi irudi kuwa ndogo kama ya hatua ya tatu, na imani ijengwe upya kutoka hapo, usimkabidhi pikipiki wala duka siku hiyohiyo kwa furaha ya kumuona.

Usimlipie madeni aliyoyatengeneza huko. Unaweza kukaa nae kuyaandika na kupanga atayalipaje, lakini ayalipe yeye.

## Hatua ya 9: Mpe mdogo wake amfundishe

Akishakua sawa sawa kidogo, mpe mtu wa kumuelekeza, mdogo wa la sita kwenye hesabu, au saidia fundi mpya alieingia jana. Kuna fundi pikipiki Magomeni hapa anafanya hivo kwa vijana wake wote, kijana akishaweza kufungua kabureta, kusafisha jeti na kuirudisha pikipiki ikawaka piga moja, kesho yake anapewa mgeni amfundishe hilohilo. Yeye anakaa pembeni anasikiliza. Usiingilie akikosea kidogo, mwache ajirekebishe.

## Dalili ambazo hazisubiri wiki 12

Kuna hali huu mwongozo hauzitoshi. Kijana anaesema bora afe, anaegawa vitu vyake, asielala wala kula kwa siku nyingi, anaesikia sauti, au aliezama kwenye pombe na madawa. Muulize wazi kabisa, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Akikubali usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na kamba karibu nae, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au kituo cha afya kilicho karibu wampe rufaa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 anaepigwa au kufanyiwa ukatili kuna namba 116, kupiga ni bure.

## Maswali yanayorudi sana

Mimi ndo mzazi, naweza kuwa yule mtu mmoja? Unaweza, lakini ni ngumu kwako kuliko kwa mjomba au shangazi kwasababu wewe matokeo yake unayaona kama yako. Kama kila mkikaa mnaishia kugombana, mwombe mwingine ashike hiyo saa moja, wewe shika hatua ya kwanza, na hiyo sio kazi ndogo.

Akianza kuniomba hela? Mpe kazi yenye hela. Kama ni shida ya kweli kama dawa au nauli ya kwenda chuo, lipa moja kwa moja panapohusika. Ukigeuka kuwa mfuko wake, siku mfuko ukikauka na urafiki umeisha.

Kijana mwenyewe ni binti na mimi ni mwanaume? Mkutane mahali pa wazi, nyumbani kwa bibi au dukani kwa shangazi, na mama yake ajue siku na saa. Meseji zako ziwe za namna ambayo mama yake akizisoma hakuna atakaeshtuka. Kama kuna mwanamke mwenye utulivu kwenye ukoo au mtaani, mkabidhi yeye hiyo nafasi, wewe saidia kwenye nauli na kufatilia fomu.

Nianze lini? Jumamosi hii. Leo pita kwa bibi yake.